Maswali ya Wasomaji: Kazi Zilizokwama Kwenye Klasta

Barua tulizopokea safari hii zimeandamana juu ya jambo moja, nami nimeona heri nizijibu pamoja kuliko kuzitawanya katika matoleo matatu. Waandishi wake wote wanatumia klasta, yaani kundi la kompyuta zinazopokea kazi kupitia mlango mmoja, na wote klasta zao si za kompyuta za chuma bali ni za mashine pepe, ambazo ni kompyuta zilizoundwa kwa programu ndani ya seva kubwa moja au mbili, kila moja ikijiona ina prosesa, memori na diski yake yenyewe. Mtumiaji wa klasta haanzishi programu zake kwa mkono. Huandika skripti, yaani faili lenye orodha ya amri, huikabidhi kwa programu ya kupanga foleni, na programu hiyo ndiyo huamua kazi ipi ianze lini na katika nodi ipi, yaani katika kompyuta ipi ya klasta. Programu inayotajwa katika barua zote ni Slurm, iliyoanzia katika maabara ya Lawrence Livermore huko California mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ambayo leo hupanga kazi hata kwenye kompyuta kuu ya LUMI huko Kajaani, Finland. Majina ya amri nimeyaacha kama yanavyochapwa kwenye kompyuta, kwa sababu ukiyageuza hata herufi moja hayatafanya kazi.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uzamili hapa Morogoro, na utafiti wangu ni wa kulinganisha vipande vya jenomu za ng'ombe na jenomu ya rejea kwa kutumia programu ya bwa. Klasta yetu ina mashine pepe 12, kila moja ikiwa na viini 16 (sehemu za prosesa zinazoweza kufanya kazi kila moja kivyake) na memori ya GB 64. Kazi zangu nne zina siku ya tatu kwenye foleni. Amri ya squeue, inayoonyesha foleni, inaonyesha PD, ilhali sinfo, inayoonyesha hali ya nodi, inaonyesha nodi tatu zisizo na kazi yoyote. Kila kazi nimeiombea nodi moja, viini 16, memori ya GB 60 na muda wa siku saba ili niwe salama. Kazi ya mwenzangu, iliyowasilishwa jana jioni, imekwishaanza. Je, kuna upendeleo?

JIBU: Upendeleo haupo, ila kuna jambo ambalo squeue ilikuambia nawe hukulisoma. Herufi PD maana yake ni kwamba kazi inasubiri, na hilo ulikwisha kulijua. Neno lenye manufaa ni lile lililoandikwa kwenye safu ya mwisho kabisa ya mstari huohuo, ambalo linataja sababu ya kusubiri. Ukikuta Resources, kazi yako imefika mbele ya foleni na inangoja nafasi ya kuitosha. Ukikuta Priority, kuna kazi nyingine iliyo mbele yako. Ukikuta Dependency, uliiambia isubiri kazi nyingine ikamilike, na huenda umesahau. Yapo maneno mengine yanayohusu ukomo uliowekwa na msimamizi wa mfumo kwa kila mtumiaji, na hayo yakitokea, kusubiri hakutasaidia mpaka kazi zako nyingine zimalizike.

Nilimwandikia msomaji huyu kumwomba anakili safu hiyo, na kazi zake zote nne zilikuwa na neno Priority. Mbele yake ilikuwepo kazi moja inayohitaji nodi sita kwa wakati mmoja. Nodi tatu zilizoonekana tupu zilikuwa zimewekewa kazi hiyo, zikingoja nyingine tatu ziachiliwe na walio nazo. Hapo msomaji atauliza: basi huyo mwenzangu aliingiaje?

Fikiria basi litokalo Dar es Salaam kwenda Mwanza. Kiti cha dirishani kimekatiwa tiketi na abiria atakayepandia Dodoma. Mtu anayeshukia Morogoro anaweza kukikalia kiti hicho bila kumwonea mtu yeyote, kwa sababu atakuwa ameshuka kabla mwenyewe hajapanda. Lakini mtu anayekwenda Singida hawezi, hata kama alifika kituoni alfajiri kabla ya wote. Slurm hufanya hesabu hiyohiyo. Huangalia kazi kubwa inatarajiwa kuanza lini, kisha hutafuta kazi ndogo zilizo nyuma ambazo kwa muda ziliouomba zitakuwa zimekwisha kabla ya saa hiyo, na kuzichomeka katika nafasi zilizo wazi. Mwenzako aliomba saa sita. Wewe uliomba siku saba, na kwa Slurm siku saba ni siku saba, hata kama moyoni unajua kazi itakwisha kabla ya magharibi. Amri ya squeue --start itakuonyesha saa ambayo Slurm inakadiria kazi yako itaanza, ingawa makadirio hayo yamejengwa juu ya muda ulioombwa na watu wote, ambao kwa desturi huongezwa chumvi.

Sasa swali la msingi: ulihitaji kiasi gani hasa? Usikisie, maana klasta huandika kila kitu. Kwa kazi iliyokwisha kumalizika, amri ni sacct -j ikifuatiwa na namba ya kazi, kisha --format=JobID,Elapsed,TotalCPU,AllocCPUS,MaxRSS,State. Msomaji alikuwa na kazi ya majaribio aliyoiendesha mwezi uliotangulia kwa maombi hayohayo, nayo ilitoa majibu haya: muda uliopita ulikuwa saa 9, jumla ya muda wa prosesa saa 36, na kilele cha memori kama GB 11. Viini 16 kwa saa 9 ni sawa na saa 144 za kiini. Zilizotumika ni 36, ambazo ni robo. Kwa maneno mengine, viini vinne vilifanya kazi na 12 vilikaa vikiangalia, huku watu wengine wakivisubiri.

Sababu yake nilikwisha kuihisi kabla ya kuiona skripti, kwa kuwa ndilo kosa ninalokutana nalo mara nyingi kuliko mengine yote. Kuiomba Slurm viini 16 hakuifanyi programu itumie viini 16. Programu ya bwa hutumia kiini kimoja isipoambiwa vinginevyo kwa kigezo cha -t, na katika skripti aliyoirithi msomaji kutoka kwa mwanafunzi aliyemtangulia paliandikwa -t 4. Juu iliombwa 16, chini ikatumika 4, na hakuna aliyelalamika kwa sababu majibu yalikuwa sahihi. Dawa ni kuondoa namba hiyo na kuandika mahali pake $SLURM_CPUS_PER_TASK, jina ambalo Slurm hulijaza idadi ya viini ulivyoiombea kazi, ili ombi na matumizi vitoke mahali pamoja na visiweze kutofautiana tena.

Ushauri wangu kwa kazi hizi nne ni kuomba viini 4, memori ya GB 15 na muda wa saa 14 kwa kila moja. Kwa kipimo hicho kazi zote nne zinaenea ndani ya mashine pepe moja, kwa maana viini 16 na GB 60, mahali ambapo hapo awali palienea kazi moja tu. Nimeongeza memori na muda juu ya kilichopimwa kwa sababu mbili. Kwanza, Slurm huchukua kipimo cha memori kwa vipindi, kwa kawaida kila sekunde 30, hivyo kilele cha muda mfupi kinaweza kuponyoka. Pili, kazi inayovuka ilichoomba huuawa: ikivuka memori hali yake huandikwa OUT_OF_MEMORY, na ikivuka muda huandikwa TIMEOUT. Angalia pia kwamba kipimo cha MaxRSS, yaani kilele cha memori, huandikwa kwenye mstari wenye neno batch baada ya namba ya kazi, si kwenye mstari wa kwanza, na wengi wakiona mstari wa kwanza uko mtupu hudhani memori haikupimwa.

Kuhusu kazi zilizomo kwenye foleni tayari, muda wake unaweza kuupunguza mwenyewe bila kupoteza nafasi, kwa scontrol update JobId=namba TimeLimit=14:00:00. Kuuongeza ni mamlaka ya msimamizi peke yake. Lakini kosa la -t halirekebishiki kwa njia hiyo, wala kwa kulihariri faili lako, kwa kuwa Slurm ilichukua nakala ya skripti siku ile ulipoiwasilisha na nakala hiyo ndiyo itakayoendeshwa. Zifute kazi hizo, rekebisha, uwasilishe upya.

SWALI: Nasimamia klasta ndogo ya mashine pepe katika taasisi moja hapa Dodoma. Umeme ulikatika usiku, betri za akiba zikatosha kuizima seva kwa utaratibu, na asubuhi mashine pepe zote ziliamka zenyewe. Hata hivyo sinfo inaonyesha down yenye kinyota kwenye nodi zote nane. Nikiingia ndani ya mashine hizo naziona nzima, mtandao upo, na hata kazi za jana nazikuta zikiendelea kukimbia. Nimezianzisha upya huduma za slurmd, ile sehemu ya Slurm inayokaa kwenye kila nodi, mara tatu bila mafanikio. Nodi kuu, inayopanga foleni, iko kwenye jengo jingine lenye jenereta, nayo haikuzimika.

JIBU: Uliposema kwamba kazi za jana zinaendelea kukimbia, ulikwisha kulijibu swali lako. Mashine iliyozimwa kisha ikawashwa haiwezi kuwa na kazi za jana. Mashine zako hazikuzimwa, zilisimamishwa. Kwenye seva nyingi za Linux zinazotumia KVM kuendesha mashine pepe, huduma ya libvirt-guests hupokea habari kwamba seva inazimwa, huigandisha kila mashine pepe pamoja na memori yake yote kwenye diski, na seva ikirudi huiamsha pale pale ilipoachia. Kwa mashine hiyo usiku haukuwepo. Saa yake inasema bado ni usiku, wakati nodi kuu imekwisha kuona jua limechomoza.

Nodi kuu na nodi nyingine hutambuana kwa hati zinazotolewa na huduma iitwayo munge, na kila hati huwa na saa iliyotolewa ndani yake. Kwa mpangilio wa kawaida hati huhesabiwa kuwa halali kwa sekunde 300. Hati inayodai kutolewa saa sita zilizopita hukataliwa, tena hukataliwa kimyakimya, isipokuwa kwa mstari mmoja katika logi, yaani faili za kumbukumbu, za slurmctld (sehemu ya Slurm iliyo kwenye nodi kuu) na za munge yenyewe. Ndiyo maana ping inajibu, ssh inaingia, na bado kinyota kipo. Maana ya kinyota hicho ni kwamba nodi haijibu.

Utasema una chrony ya kurekebisha saa. Ninaamini unayo, na ninaamini pia kwamba wakati unaandika barua yako ilikuwa ikijitahidi kuirekebisha. Tatizo ni kwamba katika mpangilio unaokuja na mifumo mingi, chrony inaruhusiwa kuirusha saa mbele kwa ghafla katika vipimo vitatu vya kwanza tu baada ya kuanza; baada ya hapo huivuta taratibu, na kasi yake ya juu ni karibu sehemu moja kwa 12. Kuifidia tofauti ya saa sita kwa mwendo huo kunachukua kama saa 72. Katika kila nodi toa amri ya chronyc makestep, kisha linganisha saa kwa amri ya date kabla ya kugusa jambo lingine. Halafu katika faili la chrony.conf badilisha mstari wa makestep uwe makestep 1 -1, ili saa iweze kurushwa wakati wowote. Kwa kompyuta ya chuma ningesita kukushauri hivyo, kwa kuwa zipo programu zisizopenda saa inayoruka. Kwa mashine pepe inayoweza kusimamishwa na kuamshwa, sioni njia nyingine ya busara.

Nodi zikisharudi kujibu, soma sinfo -R, ambayo huonyesha sababu iliyoandikwa dhidi ya kila nodi, na tarehe yake. Kama sababu ni kutojibu, zirudishe kwa scontrol update NodeName=jina State=RESUME. Kama sababu ni Low RealMemory, usizirudishe. Mtu ameipunguzia mashine hiyo memori, na slurm.conf, faili la mipangilio ya Slurm, bado inaahidi kiwango cha zamani. Wasimamizi wengi wana tabia ya kutoa amri ya RESUME kama anayempiga mgonjwa mgongoni na kumwambia inuka. Mimi pia niliwahi kuwa nayo, na niliiacha baada ya nodi moja yenye diski iliyojaa kuziua kazi za watu usiku kucha, moja baada ya nyingine, kwa sababu kila kazi iliyokufa iliiacha nodi ikiwa tupu na tayari kupokea nyingine.

Limebaki suala la kazi zile za jana. Kwa mpangilio wa kawaida, nodi isiyojibu kwa sekunde 300 hutangazwa kuwa imekufa, na kazi zake za skripti hurudishwa kwenye foleni zianze upya. Kwa hiyo zile unazoziona zikikimbia ni mizimu: nodi kuu haizitambui tena, na nodi ikishasajiliwa upya zitauawa. Waarifu wenye kazi hizo mapema, hasa kwa kuwa kazi inayoanza upya hufuta faili la matokeo la mara ya kwanza isipokuwa mwenyewe aliandika --open-mode=append kwenye skripti yake. Na kwa siku zijazo, ipange libvirt-guests izizime mashine badala ya kuzigandisha. Utapoteza kazi zilezile, lakini hutapoteza asubuhi nzima.

SWALI: Hapa Zanzibar tunaendesha modeli ya hali ya hewa kila siku kwa data za ukubwa uleule. Kuna siku inakwisha kwa saa mbili, kuna siku inachukua tano. Nikitazama top, amri inayoonyesha matumizi ya prosesa, naona viini vyote vina kazi. Msimamizi anapendekeza tuongezewe viini kutoka 8 hadi 16. Nikubali?

JIBU: Usikubali bado. Katika mistari ya juu ya top, mwishoni mwa mstari wa prosesa, kuna herufi st ambazo watu wengi hawajawahi kuzitazama. Namba iliyo mbele yake ni asilimia ya muda ambao mashine pepe yako ilikuwa tayari kufanya kazi lakini seva mwenyeji ilimpa zamu mtu mwingine. Seva yenye viini halisi 32 inaweza kugawia mashine zake pepe viini 96, na mambo yakaenda vizuri kabisa mradi wote wasivitake kwa wakati mmoja. Siku wakivitaka, kila mmoja hupata zamu yake tu, huku ndani ya mashine yake akiendelea kuona viini vinane kamili.

Endesha vmstat 60, amri inayochapa vipimo hivyo kila sekunde 60, wakati modeli inafanya kazi na uihifadhi safu ya st kwa wiki moja, siku za kasi na siku za pole. Namba ikikaa chini ya 2 au 3, tatizo haliko huko. Itazame safu ya jirani yake, wa, ambayo huonyesha kusubiri diski, kwa kuwa mashine zote huenda zinaandika kwenye hifadhi moja. Ikipanda kuvuka 10 siku za pole, umepata chanzo, na kuongezewa viini kutaongeza ubaya: vitakuwa viini 16 vya karatasi vinavyogombea viini halisi vilevile, na katika modeli ambayo kila sehemu husubiri wenzake mwishoni mwa hatua, kiini kimoja kikinyimwa zamu vyote 16 husimama. Bora uombe viini 8 vilivyofungwa kwa viini halisi na visivyogawiwa mwingine. Msimamizi atasita, kwa kuwa hapo ndipo ugawaji wa viini 96 huanza kuonekana waziwazi, lakini ukimpelekea wiki nzima ya namba atakuwa na la kuwaonyesha wakubwa wake.

SWALI: Je, ni vibaya kuandika kitanzi kinachoendesha squeue kila sekunde ili nijue kazi yangu imekwisha? Msimamizi wetu hapa Nairobi amenikaripia.

JIBU: Amekukaripia kwa haki. Kila squeue ni swali kwa nodi kuu, na wakati inakujibu wewe haipangi kazi za wengine; watu 20 wenye vitanzi kama chako wanaweza kuifanya iwe nzito kwa kila mtu. Andika --mail-type=END,FAIL kwenye skripti yako upate barua kazi ikimalizika au ikishindwa. Kama ni lazima utazame kazi ikiwa inaendelea, sstat, amri inayoonyesha matumizi ya kazi inayokimbia, kila baada ya dakika kadhaa inatosha.

SWALI: Nilitaka kuzifuta kazi zangu zinazosubiri, nikatumia scancel -u, amri inayofuta kazi zote za mtumiaji, ikafuta na ile iliyokuwa imebakiza saa moja kati ya 40. Kuna njia ya kuirudisha? Ni msomaji wenu wa Mombasa.

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Hakuna. Kazi iliyofutwa hupokea kwanza ishara ya kuiomba ijiondoe, na kwa mpangilio wa kawaida baada ya sekunde 30 hupokea nyingine isiyokatalika. Kama programu yako haihifadhi hatua zake kwenye diski, saa 39 zimekwenda. Itazame saraka ya matokeo kabla ya kukata tamaa, kwa kuwa baadhi ya programu huhifadhi hatua bila kumwarifu mtumiaji, na zinaweza kuendelea kutoka hapo. Safari nyingine andika scancel -u pamoja na --state=PENDING, ambayo hugusa zinazosubiri peke yake, na uongeze -i ili ikuulize kwa kila kazi kabla haijaifuta.